Pango Linaloitika

Kila alipoingiza watalii pangoni, Shaame aliita kwa nguvu, "Mizeee!" Mkewe, aliyekuwa akiuza madafu kwenye mlango wa pili wa pango, aliitika, "Abee!" na wageni wakaangua kicheko.

Leo ilikuwa siku yake ya kwanza kazini tangu amzike. Alikusudia kupita kimya. Lakini bibi mmoja kutoka bara, aliyewahi kuja miaka ya nyuma, alimshika mkono.

"Hebu ita, baba. Nimewaleta wajukuu wasikie."

Wajukuu walishatega masikio. Shaame akaita.

"Mizeee!" pango likamrudishia, kwa sauti yake mwenyewe.

Wageni wakapiga makofi, wakatangulia nje kwenye mwanga. Yeye alibaki palepale gizani, kiganja sikioni.