Mkono wa Sare Chini ya Sindano

Twaiba aliketi mbele ya cherehani kabla hata mwanamume aliyekuwa akiiuza hajamkaribisha nyumbani mwake. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka Kombani, na kila cherehani aliyoikuta ilimshinda bei. Hii ilikuwa rahisi, tena nzima. Akiipata, angeacha kushonea ya kuazima na kufungua kibanda chake mwenyewe.

Alinyoosha mguu aikanyage pedali, kisha akasita. Chini ya sindano palikuwa na mkono wa sare ya mtoto wa shule, umeshonwa nusu. Uzi ulikuwa ungali sindanoni.

"Mwenyewe ni nani?" alimuuliza yule mwanamume.

"Ni ya mke wangu. Amekwisha acha kushona." Macho yake yalikuwa mlangoni. "Toa pesa, dadangu, nikusaidie kuibeba. Fanya haraka."

Twaiba alishika mkoba. Vidole vyake vilicheza juu ya zipu, haviifungui wala haviiachi.

Mara akaingia mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani. Alipomwona Twaiba pale kitini alitabasamu.

"Karibu, mwanangu. Umeniletea nguo ya kushona?"

Nyuma yake, mumewe alimkonyeza Twaiba aitikie. Ilikuwa rahisi kuitikia, kisha kurudi kesho mama akiwa kisimani. Na Twaiba aliitaka sana cherehani ile.

Aliinuka.

"Shikamoo, mama. Sikuleta nguo. Nimekuja kununua cherehani yako."

Mama aliitua ndoo, maji yakamwagikia miguuni.

"Cherehani yangu?" aliuliza, lakini aliyemtazama hakuwa Twaiba.