Paa wa Harusi

Maombi alishtuka kabla risasi haijalia. Alikuwa amesimama nyuma ya mstari mwekundu, mikono ameificha ndani ya kitenge, na kila Thaddée alipolenga, mabega yake yalipanda yenyewe.

"Mama Kirezi, kaa basi," Thaddée alisema bila kugeuka. "Tangu tufike unatembea tu. Karatasi haikuumi."

Maombi akakaa. Akasimama tena.

Uwanja wa kulenga shabaha ulikuwa nje kidogo ya mji wa Savage, huku ughaibuni, ukishapita viwanda vya mtoni. Maombi alitoka zamu ya asubuhi ghalani, mji jirani wa Eagan, akaja moja kwa moja, bado na buti zake nzito za kazi. Thaddée alizicheka njia nzima. "Mwanamke anakuja kutoa jibu la ndoa na buti za kubebea makasha."

Jibu lilitakiwa leo. Kesho mchungaji angetangaza, au asingetangaza. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao, miaka mitano sasa wanakaa benchi moja kanisani, na Thaddée alishamwuliza mara tatu. Mara zote tatu Maombi alijibu, "Ngoja nisali."

Na alisali kweli. Ila kila aliposema amina, moyo ulikuwa pale pale.

Thaddée hakungoja maombi yaishe. Alishatangaza kwamba nyama ya harusi itakuwa paa, na atamwinda mwenyewe Novemba, msimu ukifunguliwa. Akanunua bunduki kuukuu yenye kitako cha mbao, na boksi la risasi za kijivu, za bei ya chini kuliko zote dukani.

Harrison, Mkenya wa kwaya aliyekuwa akimfundisha kulenga, alisogeza sumaku ya funguo zake kwenye risasi moja. Ikajibandika.

"Mzee, hizi maganda yake ni chuma, si shaba. Ukipiga haraka haraka, bunduki ikapata moto, zinanata."

"Karatasi haijui shaba wala chuma. Za paa nitanunua nzuri."

"Sawa. Lakini ikikataa, usiguse kitu. Niite."

Thaddée akapiga tano. Mbili ziligusa karatasi. Ganda moja likaviringika mpaka kwenye buti la Maombi. Alilitazama, kisha akalisukuma mbali kwa ncha ya kiatu, taratibu.

Harrison akaenda kwenye gari kuchukua karatasi nyingine. Thaddée alishusha vizuia sauti vya masikioni hadi shingoni, akaanza kujaza upya.

"Baba Thaddée," Maombi alisema, "niambie tena ya mguu."

"Tena? Hadithi hii unaipenda kuliko ya Danieli na simba."

"Niambie tu."

"Bon, haya. Nilikuwa shambani kwetu, kwenye mihogo, nina miaka ishirini na moja. Waasi wakatoka porini. Mmoja wao msichana, sijui kama alifika kumi na nne, koti la askari limemfikia magotini. Wakubwa wakamwambia, huyu ni wako. Risasi ya kwanza ikaingia hapa." Alijipiga paja la mguu unaochechemea. "Ya pili ikakwama. Akaisimamisha bunduki chini, akaupiga mkono wake wa kukokia kwa kisigino. Moja, mbili, tatu. Ikakataa. Mimi nikatambaa ndani ya mihogo, na Mungu akanificha."

"Uso wake uliuona?"

"Nani aliangalia uso? Kila mara unaniuliza hivyo hivyo."

"Ungekutana naye leo?"

"Ningemwambia asante kwa bunduki mbovu." Alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Sijui, mama. Usiniulize hayo leo."

Akarudisha vizuia sauti masikioni. Sasa alitaka kuonyesha ufundi. Alipiga haraka, moja juu ya nyingine, hata tuta la udongo nyuma ya karatasi likatoa vumbi. Ya nane haikulia.

Akavuta mkono wa kukokia. Haukwenda mbele wala nyuma.

"Mwite Harrison," Maombi alisema kwa sauti.

"Harrison wa nini? Kitu kidogo hiki."

Akaigeuza bunduki. Akauleta mdomo wake usoni, akafumba jicho moja achungulie, na kidole gumba bado kimo kwenye kifyatulio.

Maombi alivuka mstari mwekundu. Aliusukuma mdomo wa bunduki kando kwa kiganja, akaichukua, akaisimamisha kwa kitako, akaiinamisha mbali nao wote wawili kuelekea tuta. Akainua buti na kuupiga mkono wa kukokia kwa kisigino, mara moja. Risasi nzima ikaruka na kuanguka kwenye majani makavu. Akamwaga zilizobaki, akaingiza kidole kidogo ndani kuhakikisha, akailaza mezani, mdomo ukiangalia tuta. Hakutazama mikono yake hata kidogo.

Mabega yake yalikuwa yametulia.

Thaddée alitazama risasi kwenye majani. Akatazama buti. Kisha akamtazama usoni, muda mrefu, na mkono wake ukashuka wenyewe mpaka pajani.

"Imetoka kwa pigo moja," alisema.

"Ulitaka jibu leo," Maombi alisema. "Siku ile kwenye mihogo nilikuwa miguu peku."