Punje za Buluu

Tanga la Ezron lilipoanuliwa na watu kutawanyika, mjane wake, Tumpe, alimletea Lugano, mfanyakazi mwenzake marehemu, kopo la punje pale uani.

"Shemeji, hizi alikuwa ananiletea kutoka kiwandani, naziweka kwenye sanduku nguo zisiote ukungu. Zilikuwa za buluu. Mbona sasa ni pinki?"

"Zimeshiba maji. Zikipata moto yanatoka."

Lugano alizimimina kwenye kikaango, akakiweka juu ya jiko la mkaa. Mitungi miwili ambayo yeye na Ezron waliitunza kiwandani ilikuwa imejaa punje kama hizo. Mmoja ulikausha hewa iliyoshindiliwa na kompresa, mwenzake ukipashwa moto utoe unyevu wake, kisha ikapokezana. Siku ile Ezron alishika spana, akauliza kama upepo umeshatoka mtungini. Lugano hakutazama hata geji ya kupimia upepo. "Fungua, mtupu huo," alimjibu. Kifuniko kikamrukia Ezron kifuani.

"Bosi wenu kasema mume wangu alikuwa mzembe," alisema Tumpe. "Sikubisha. Nilimwambia kila siku, wewe una papara, mwangalie Lugano. Naye ananicheka, eti nikaolewe na huyo Lugano."

Lugano alikoroga. Punje za pembeni zilianza kuwa za buluu, kisha za katikati.

"Haya, epua, zisiungue."

"Bado, shemeji. Hebu keti kwanza."

Tumpe alivuta kigoda, akaketi. Kikaangoni haikuwa imebaki hata punje moja ya pinki, na mkono wa Lugano uliendelea kukoroga.