Hondohondo na Salamu za Sisimizi

Zamani hizo, wajukuu zangu, habari za msituni alizibeba ndege Hondohondo peke yake. Ndiyo sheria ya Mfalme Ndovu, na kila mwenye neno alilipa tunda bivu.

Sisimizi nao hawapishani bila kusalimiana. Wakaanza kupachika habari kwenye salamu zao, na neno likavuka msitu bure. Hondohondo akashtaki kwa Ndovu. Ndovu akawakataza: "Salimianeni, ila habari mwachieni mwenye kazi yake."

Siku moja Hondohondo akavunjika bawa ng'ambo ya mlima. Na mkewe, kama ada ya kina hondohondo, alikuwa ameatamia ndani ya tundu la mti, mlango kauziba kwa udongo, akisubiri kulishwa na mume kwenye upenyo. Sasa nani apeleke habari, na mpelekaji ndiye huyo kalala chini?

Sisimizi mmoja akapita. "Vipi, shemeji? Mbona chini leo?"

"Mke wangu na wanangu watakufa njaa. Naomba mnisaidie, jamani."

"Kwani sheria umeisahau?" akasema Sisimizi, huku keshamsalimia mwenzake.

Salamu kwa salamu, habari ikapanda sikioni mwa Ndovu. "Mzee, sheria tumeivunja. Tuadhibu baadaye, kwanza nyoosha mkonga ukamlishe mke wa Hondohondo."

Ndovu akamlisha, na sheria akaifuta: anayeweza kufikisha habari, afikishe.

Hondohondo akajikongoja hadi nyumbani, roho mkononi. Mara akasikia sauti upenyoni: "Mume wangu, pumzika tu. Matunda ya Mfalme yameiva kuliko yako."

Nami hii nimeifikisha.