Kidani cha Malakiti

Najma alijifungia chumbani kwa mke mwenzake, Mwaija, na kipande cha ndimu amekificha kwenye pindo la khanga. Alikuwa ametoka Bagamoyo mpaka Zinga kuja kumsalimia. Hivyo ndivyo alivyosema.

Mbele ya kioo kulikuwa na kidani cha kijani chenye michirizi, pacha wa alichovaa yeye shingoni. Mume wao Sufiani, dereva wa malori ya Kongo, aliwaletea mwezi uliopita, kimoja kwa kila mke. Malakiti tupu, alisema, na haki sawa.

Haki gani! Jana Najma alimpelekea sonara Abdulwahab chake, akikaze kishikizo. Mzee alikipima kiganjani, akacheka.

"Hii plastiki, mwanangu. Malakiti ni jiwe lenye shaba, na shaba ndiyo inayolitia ukijani. La kweli ni zito, shavuni la baridi, na mistari yake haifanani. Lidondoshee ndimu uone litakavyotoa povu."

Najma alitoka pale damu inamchemka. Kumbe aliyependelewa ni Mwaija! Mwaija yule yule aliyekuja wiki iliyopita kumuuguza malaria siku tatu, akampikia uji, akamfulia, akampangia hata kabati. Mpole kama maji.

Sasa alikiweka kidani cha Mwaija shavuni. Baridi. Akakamulia tone moja nyuma ya jiwe. Povu jembamba likachemka. Akafuta haraka, akavua chake, akavaa hicho, na plastiki akaipanga vizuri mbele ya kioo.

"Dada, chai tayari!" Mwaija aliita kutoka uani.

"Nakuja, mdogo wangu."

Walikunywa chai kwa vitumbua. Mwaija alimtazama shingoni kidogo, akatabasamu.

"Kimekupendeza, dada."

"Tunapendeza wote," Najma akamjibu, akaongeza sukari.

Jioni Sufiani alipiga simu kutoka Tunduma. Najma alimshukuru kwa kidani, sauti tamu kama halua.

"Mama Hija, hili libaki kwetu wawili," mume alinong'ona. "La kweli lilikuwa moja tu, nikakupa wewe. La Mwaija ni plastiki, nililinunua hapa hapa stendi. Maskini, wala hajui. Tangu arudi kutoka kukuuguza, kila siku ananipigia kunishukuru."