Vigae vya Mgongoni Tu

Hapo kale, kabla mamba hawajawa mamba, mnyama aitwaye Kigae alikuwa akichimbua mizizi kwa pua, amefunikwa vigae vya mfupa mgongoni hadi tumboni.

Binamu yake Mbio, babu wa mamba, alimcheka. "Vua mzigo huo, binamu, ukimbie kama mimi!"

"Sivui," alijibu Kigae. "Wala sikimbii."

Mara akatokea Meno, mla nyama mkubwa. Mbio alitimka, akanasa matopeni. Kigae akamfuata, akamfunika kwa mwili wake. Meno akauma, akavunjika jino, akaondoka.

Mbio akaibuka. "Binamu, nigawie vigae. Vya mgongoni tu."

"Na vya tumboni?"

"Vya nini? Adui atakuja mimi nimeshampa mgongo!"

Kigae akamgawia. Tangu hapo mamba ana mgongo wa shujaa na tumbo la mwoga.