Sale la Kaburini

Tangu mimea ifungwe vinasaba, tawi lililokatwa halikutoa mizizi, wala kisiki hakikuchipua, bila matone ya homoni. Nayo matone yaligawiwa kwa mazao ya chakula tu. Kwa hiyo kila sale, mmea wa amani, ambalo Aikande alilichomeka kwenye kaburi la mumewe lilioza, naye kwa siri akakata jingine kwenye ua wa masale wa mpakani mwa shamba, uliopandwa na mababu.

Mama mkwe wake alipokuja, aligusa jani bichi akatabasamu.

“Limeshika, mwanangu. Sasa najua amepumzika. Siku yangu ikifika, unipandie na mimi hapa kando yake.”

“Sawa, mama.”

Aikande akatazama mpakani. Lilikuwa limebaki sale moja, na hili la kaburini lilishaanza kunuka.